Je, Wajua? Kabati Lako Bado Linakunywa Maji

Huku Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, ukitoka Ukunda kuelekea Msambweni, kando ya barabara utaona karakana nyingi za maseremala, nyingine chini ya mwembe, nyingine chini ya nguzo nne na mabati. Siku hizi inayosikika zaidi ni mashine. Hata hivyo wapo mafundi wa upande wa Kinondo, Chale na Gazi ambao bado wanaweza kuliunga kabati zima kwa msumeno, randa, patasi na nyundo ya mti. Sisi tunaokunja kanga na kutundika kanzu ndani ya makabati hayo hatujui hata nusu ya elimu iliyomo. Nimekusanya machache.

Je, wajua kwamba kabati la kwanza la Pwani lilikuwa ukuta?

Kabla almari haijaingia chumbani, nyumba za mawe za miji ya Waswahili zilikuwa na vidaka, ambavyo watu wa Lamu huviita zidaka. Vilipangwa safu juu ya safu kwenye ukuta wa chumba cha ndani na kunakshiwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka kwa matumbawe. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure zilizotoka China, zionekane na kila aliyekaribishwa ndani. Ukitaka kuviona, nenda kwenye jumba la makumbusho la nyumba ya Kiswahili kule Lamu.

Nguo, hati na dhahabu zilikaa ndani ya kasha. Makasha mengi yaliletwa na majahazi kutoka Surat, pwani ya Malabar na Ghuba ya Uajemi. Yalikuwa ya msaji, yamepambwa kwa misumari ya shaba, na mengine yana droo tatu chini. Kabati la kusimama, lenye milango miwili na rafu, lilikuja baadaye. Fundi wa Pwani hakupata taabu nalo kwa sababu alishazoea kutengeneza milango. Miimo, vizingiti na bawaba alivijua toka zamani, na kilichobaki kilikuwa kuujengea mlango wake sanduku kwa nyuma.

Je, wajua kwamba mbao haiachi kunywa maji hata baada ya kuwa kabati?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika useremala, na ndilo linalomtenga fundi na mtu mwenye nyundo tu. Mti uliokatwa leo unaweza kubeba maji yenye uzito sawa na wa mbao yenyewe. Ukianikwa kivulini maji hayo hutoka, lakini hayaishi. Mbao hubaki ikipokea unyevu wa hewa na kuutoa tena, mwaka baada ya mwaka, hata ukiipaka vanishi mara tatu. Vanishi huchelewesha tu.

Pwani yetu ya kusini ina hewa nzito. Unyevu wake mara nyingi ni asilimia 75 hadi 80, na katika hewa ya namna hiyo mbao iliyokauka vizuri bado hushika maji ya asilimia 15 hivi ya uzito wake. Lichukue sasa kabati lililotengenezwa Ukunda, uliingize kwenye chumba cha hoteli ya Diani chenye kiyoyozi mchana na usiku. Maji yake yatashuka hadi kama asilimia 9. Ubao wenye upana wa sentimita 40 utapungua karibu milimita 4. Waweza kuona milimita 4 ni kidogo, lakini nguvu ya mbao inayovimba au kusinyaa ni kubwa sana. Zamani watu walipasua mawe kwa kupigilia kabari za mti mkavu kwenye nyufa na kuzimwagia maji.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba mbao hutanuka kwa upana tu. Kwa urefu haibadiliki kiasi cha kuonekana. Nyuzi zake zimelala kwa urefu wa mti kama fungu la mirija, na mrija ukilowa hunenepa bila kurefuka. Tena hata huo upana haubadiliki sawasawa kila upande. Ubao uliopasuliwa kupitia katikati ya gogo hubadilika kama nusu ya ule uliopasuliwa ubavuni. Ndiyo maana fundi mzoefu akipokea mbao, kitu cha kwanza hugeuza kichwa cha ubao na kutazama mikunjo ya pete za mti. Akiona zimepinda, anajua tayari ubao ukizidi kukauka utabonyea upande upi: ni ule uliokuwa karibu na gamba. Basi ataupanga kwa kujua hivyo kabla hajashika msumeno.

Na ndiyo sababu mlango wa kabati la kienyeji si ubao mmoja mpana. Ni fremu ya vipande vinne vyembamba, na ndani yake ubao wa kati. Vipande vya fremu huchimbwa mfuo kwa ndani, na ubao wa kati huingizwa kwenye mfuo huo bila gundi wala msumari. Fundi huacha nafasi ndogo kila upande ili ubao uwe na pa kwenda ukivimba. Ukiutia gundi, masika ya kwanza fremu itaachana pembeni, au kaskazi ikija ubao utapasuka katikati. Watu wengi huona ule ubao wa kati ukitikisika kidogo wakadhani kazi ni mbovu. Hapana, hiyo ndiyo kazi nzuri.

Kuna maneno ambayo kila seremala wa Kwale ameshayasikia mwezi wa Mei, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kuliko yote Pwani:

“Fundi, mlango haufunguki. Uliniuzia kabati au ukuta?”

“Pole, mama. Usimruhusu mtu aupige randa sasa. Ngoja masika yaishe, na kaskazi ikivuma ukiwa bado unakwama, nitakuja mwenyewe bila malipo.”

Anayepunguza mlango katikati ya mvua hujikuta mwezi wa Februari ana mwanya wa kupitisha mjusi. Subira ya fundi huyu inatokana na kuijua mbao.

Je, wajua kwamba kiungo cha mbao ni cha kale kuliko binadamu wa leo?

Septemba 2023 watafiti walioongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walitangaza katika jarida la Nature walichofukua kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania. Ni magogo mawili yaliyolaliana, la juu limechongwa pengo ili likae barabara juu ya la chini. Umri wake ni miaka 476,000 hivi. Wakati huo watu wa jamii yetu hasa walikuwa bado hawajatokea duniani. Waliochonga walitumia zana za mawe, na mbao ikanusurika kwa kuwa ilizama kwenye tope lenye maji daima. Hadi sasa hakuna kazi ya kuunga mbao iliyopatikana popote duniani yenye umri mkubwa kuliko hiyo, nayo imetoka upande wetu wa Afrika.

Kiungo kikuu cha kabati, cha ulimi na tundu, ni mtoto wa wazo hilohilo. Kukitengeneza kwa mkono kunataka utulivu. Fundi huchora kwanza mistari miwili kwa kifaa kidogo cha mti chenye ncha ya msumari. Hatumii penseli hapa, kwa sababu mstari wa penseli una unene na ncha ya chuma inakata nyuzi kabisa. Ulimi hupewa unene wa theluthi moja ya ubao. Ukizidi, kuta za tundu huwa nyembamba na kupasuka. Ukipungua, ulimi wenyewe huvunjika. Tundu huchimbwa kwa patasi nusu kutoka upande huu na nusu kutoka upande wa pili, patasi zikutane katikati, maana anayepiga moja kwa moja hupasua uso wa upande wa kutokea. Halafu ulimi hujaribiwa. Ukiingia wenyewe umeharibika. Ukikataa kabisa usilazimishwe. Unaotakiwa ni ule unaoingia kwa kusukumwa na mkono hadi nusu, kisha ukamaliziwa kwa mapigo machache ya nyundo ya mti.

Bado haijaisha. Tundu la kigingi hutobolewa kwenye kuta za nje, na lile la kwenye ulimi hutobolewa likiwa limesogea milimita 1 au 2 kuelekea begani mwa ulimi. Kigingi cha mti mgumu kikipigwa hupita kwenye matundu yasiyolingana, hujipinda kidogo, na katika kujipinda kwake huuvuta ulimi ndani kwa nguvu isiyolegea. Kiungo cha aina hii hakihitaji gundi hata tone. Siku kabati likitakiwa kupitishwa kwenye mlango mwembamba, vigingi hutolewa na kabati hufunguliwa vipande vipande.

Je, wajua kwamba chumvi ya bahari ni adui wa msumari?

Kando ya bahari msumari wa chuma hushika kutu upesi, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Msumari hunenepa ndani ya mbao na kuipasua. Zaidi ya hapo, mbao nyingi ngumu zina tanini, ile dawa iliyomo kwenye magome ya mkoko uitwao mkandaa ambayo watu walitumia kulainishia ngozi. Chuma kikikutana na tanini na unyevu, hutokea doa jeusi lenye ubuluu. Wino uliotumiwa karne nyingi Ulaya na Uarabuni ulitengenezwa kwa mchanganyiko wa namna hiyo. Basi lile doa jeusi unaloliona kuzunguka msumari kwenye kabati la zamani, kwa kweli ni wino.

Watu wa pwani hii walijua kuishi bila msumari muda mrefu. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinachoitwa Periplus, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Mtepe, jahazi la Waswahili lililoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, ulisafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo ukatoweka. Waundaji wa majahazi wa baadaye, waliokubali msumari, hawakuupigilia tu. Walitoboa kwanza kwa keekee ya uta, inayozungushwa kwa kuvuta upinde mbele na nyuma, kisha wakauviringishia msumari pamba kabla ya kuupiga. Mbao ngumu ikipigwa msumari bila kutobolewa hupasuka. Seremala wa makabati anayetumia skurubu za shaba na kuzitobolea kwanza anafuata njia hiyohiyo ya waunda jahazi.

Je, wajua kwamba karibu na Chale kuna msitu ambao hata ukuni mkavu hautolewi?

Kisiwa cha Chale, kilicho kusini mwa Diani, kina kaya, yaani msitu mtakatifu, ya Wadigo, mojawapo ya jamii za Mijikenda. Ng'ambo yake bara kuna Kaya Kinondo, msitu mdogo wa hekta 30 hivi, wenye miti mikubwa iliyosimama hatua chache kutoka ufukweni. Mwaka 2008 Kaya Kinondo iliingizwa na UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka uliofuata mila zenyewe za kaya zikaingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Tangu 2001 wageni wanaruhusiwa kuingia Kinondo wakiongozwa na wenyeji. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, na hatoki na kitu. Jani, jiwe, kijiti, vyote hubaki humo.

Mtu anaweza kudhani kaya ni kizuizi kwa seremala. Mimi nimekuja kuamini kwamba hakuna mlinzi mkubwa wa useremala wa Kwale kuliko wazee wa kaya. Mbao bora za zamani za Pwani, kama mbambakofi, mvule na muhugu, zimekatwa sana nje ya misitu hiyo. Palipobaki miti mama yenye kuangusha mbegu, mara nyingi ni pale ambapo mtu aliogopa kuinua shoka. Serikali ya Kenya ilipositisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii mwezi wa Februari 2018, zuio lililoondolewa Julai 2023, mafundi wengi waligundua jinsi nchi inavyotegemea mbao za Tanzania na Kongo. Mbambakofi haukui kwa amri. Fundi wa leo anavuna mti ulioota kabla babu yake hajazaliwa.

Kidogo kusini mwa Chale, ghuba ya Gazi ina habari yake. Huko hukua aina zote 9 za mikoko inayopatikana Kenya, na kila moja ina kazi yake. Mkoko na mkandaa ni wa boriti na nguzo. Mlilana na mchu ni wa mataruma ya jahazi. Mkomafi una mbao nyekundu inayopendeza, nao ndio mti wa mwambao unaofaa hasa kwa vyombo vya nyumbani. Boriti ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na majahazi yalizibeba hadi Arabuni. Vyumba vingi vya nyumba za mawe za Waswahili ni vyembamba, chini ya mita 3, kwa kuwa boriti haikuweza kubeba dari pana zaidi. Kwa hiyo kabati refu la ukutani liliwekwa kwa urefu wa chumba, halikukingama. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja, wa kulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo. Fedha zake zimeleta maji na vifaa vya shule, na mwaka 2017 mradi ulishinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mkoko uliosimama umeanza kulipa bila kukatwa.

Je, wajua kwamba mnazi una mbao isiyo na pete wala vifundo?

Mnazi hauna matawi, kwa hiyo mbao yake haina vifundo. Haunenepi mwaka kwa mwaka kama mwembe, kwa hiyo hauna pete. Ugumu wake uko nje, na ndani ni laini, kinyume cha miti mingine ambayo kiini ndicho kigumu. Mnazi mzee ulioacha kuzaa ukipasuliwa, ni mbao za pembeni tu zinazofaa kabati. Nazo humaliza meno ya msumeno haraka, kwa sababu zina chembechembe za silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga.

Mvule una tabia ngumu zaidi. Ndani ya gogo lake huweza kujificha jiwe la kweli, donge la chokaa ambalo mti wenyewe umelitengeneza. Wapasuaji wamevunja misumeno mingi kwa mawe hayo. Mti huu huvuta kaboni hewani, huigeuza kuwa chumvi ya oksaleti, na bakteria huibadilisha hiyo kuwa chokaa, hata udongo unaouzunguka ukajaa chokaa mahali ambapo haikuwapo.

Na mwembe? Ni rahisi kupatikana, wenye michirizi mizuri, lakini hubunguliwa upesi na wadudu usipokaushwa mara tu unapopasuliwa. Mwembe na mkorosho ni ndugu, na utomvu wao huwasha ngozi. Fundi anayejikuna mikono baada ya kuranda mwembe hajarogwa.

Je, wajua kwamba fanicha za Marekani ziling'arishwa kwa utomvu wa kwetu?

Utomvu huo ni sandarusi, nao hutoka katika mti unaoota katika misitu ya pwani, ya Kwale ikiwemo. Iliyo bora zaidi haikugemwa mtini. Ilichimbwa ardhini, imeganda tangu miti iliyoitoa ilipokwisha kuoza, ngumu na ya rangi ya asali. Karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko lake kuu, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliinunua kwa wingi, ikasafishwa huko na kupikwa kuwa vanishi ya magari ya farasi na ya fanicha. Marekani iliweka balozi mdogo Zanzibar mwaka 1837, naye alikuwa mtu wa Salem, Richard Waters. Kwa hiyo makabati ya watu wa Boston yalimeremeta kwa utomvu wa pwani yetu, na kwetu lililokuja kuzoeleka ni shelaki, ambayo ni utando unaotolewa na mdudu mdogo wa Uhindi.

Kabla ya karatasi ya msasa ya dukani, mafundi walisugua mbao kwa majani ya mti wa msasa, jamii ya mkuyu. Jani lake lina vinywele vigumu, na likikaushwa hulainisha hata mpingo. Wavuvi na mafundi wa nchi nyingi za bahari walitumia pia ngozi ya papa na ya taa.

Je, wajua kwamba mbao zetu zilijenga majumba ya Siraf?

Mwanajiografia al-Istakhri, katika karne ya 10, aliandika kwamba nyumba za ghorofa za mji wa Siraf, kwenye Ghuba ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa mbao kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu. Na nyuma zaidi, ile mbao nyeusi ya mafarao, iliyotumika kwa viti, masanduku na madhabahu, ilikuwa ya mpingo huuhuu wetu, uliosafirishwa kutoka kusini mwa Misri. Ukiutupa majini huzama.

Wachongaji wa mpingo wanaosifika duniani ni Wamakonde, na wengine wao ni majirani zetu. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya katani na miwa ya Kwale. Vizazi viliishi hapa bila vitambulisho. Oktoba 2016 mamia yao waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi kudai uraia. Mapema 2017 walianza kupewa vitambulisho, wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Fundi aliyekuwa akichonga kazi ya kuuzwa duniani kote, na bado hakuweza kufungua akaunti ya benki, sasa anaweza. Hili lilichelewa mno, na nafurahi kila nikilikumbuka.

Je, wajua kwamba randa ni salama kuliko mashine kwa pua?

Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana wazi kusababisha saratani kwa binadamu. La mbao ngumu ndilo linalotiliwa mkazo, na huhusishwa na saratani ya pua. Msumeno wa umeme na mashine ya kusugulia hutoa vumbi laini linaloelea hewani kutwa. Randa ya mkono hutoa maranda, na maranda huanguka chini. Kijana anayefanya kazi katika karakana yenye mashine na hana kitambaa puani anastahili kuambiwa jambo hili na mwajiri wake, leo.

Je, wajua kwa nini kabati la chakula lilivishwa viatu vya bati?

Kabati la jikoni lenye waya wa matundu lilisimamishwa kila mguu ndani ya kopo la maji, wakati mwingine na mafuta ya taa juu yake. Siafu na sisimizi hawavuki. Mchwa naye, ambaye hupanda kwa kujenga njia ya udongo, hukosa pa kuanzia. Ubaya wake ni mmoja: mguu uliolala majini hunywa maji kuliko mwili wa kabati, ukaoza. Waliojua waliweka jiwe au kigae ndani ya kopo, na mguu ukasimama juu yake bila kulowa.

Je, wajua jinsi ya kulitambua kabati la mkono kabla hujatoa pesa?

Usianze na mlango, anza na mgongo. Vuta kabati kidogo kutoka ukutani utazame nyuma. Plaiwudi nyembamba iliyopigiliwa misumari pande zote haina nafasi ya kutanuka. Mbao zilizopangwa kwa kuingiliana zinayo. Vuta droo itoke kabisa, uigeuze. Pembeni, ambapo ubao wa mbele unakutana na ubavu, tafuta meno yaliyochanuka yaliyoumana. Yakiwa hayalingani sawasawa, yamekatwa kwa mkono. Misumari mitupu mahali hapo maana yake droo itaachia uso wake mikononi mwako.

Kisha shika ubao wa kati wa mlango kwa vidole viwili, uusukume kushoto na kulia. Ukisogea hata kidogo, fundi alijua anafanya nini. Pitisha kiganja chini ya rafu, mahali pasipoonekana. Randa ya mkono huacha mawimbi mepesi sana yanayohisika kwa ngozi kuliko kwa macho. Muulize fundi mbao ilianikwa muda gani. Kanuni ya zamani ya nchi za baridi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Joto letu huharakisha, lakini anayekwambia wiki mbili hajaikausha. Mwisho muulize nguzo zilizosimama ni za mti gani, na nyuzi zake zimeelekea wapi. Kama anajua, atakuonyesha kwa kidole kabla ya kukujibu kwa mdomo, na bei atakayokutajia usiipunguze sana.